Bango la "Kasino" Ngamiani: jumba, kijumba au kibanda?

Herufi ni sita tu, K-A-S-I-N-O, nyekundu, zimezungushiwa taa ndogo zinazokimbizana usiku kucha. Bango ni pana kuliko mlango ulio chini yake. Ukumbi uko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba, na abiria wa bodaboda wameshalifanya bango kuwa alama ya njia: "nishushe pale kasino". Lakini waulize vijana wa kituo cha jirani jioni wanakwenda wapi kuangalia mpira na kuweka mkeka (karatasi ya dau la mechi), watakujibu "kibandani". Mahali ni palepale.

Majina mawili kwa mlango mmoja yanatosha kuufanya ukumbi huu upimwe mara mbili: kwanza kwa linachoahidi bango, kisha kwa kinachotoka kwenye dirisha la keshia. Jina limefeli. Dirisha limefaulu, tena vizuri kuliko tulivyotarajia.

Tuanze na kilichomo. Chumba cha mbele ni cha kubeti: dirisha lenye wavu wa chuma na makeshia wawili, skrini sita za mpira, skrini mbili za mbwa wa kompyuta wanaokimbia kila baada ya dakika chache, na meza ndefu ya kujazia mkeka yenye kalamu zilizofungwa kwa kamba. Dau la chini ni shilingi 500. Ratiba ya mechi imebandikwa ukutani na hubadilishwa kila asubuhi. Chumba cha nyuma, ukishavuka pazia zito la kijani, kina mashine 24 za sloti, zile za kuingiza hela na kubonyeza, na ruleti (gurudumu la namba) ya skrini yenye viti vinane. Basi. Meza ya karata hakuna, mgawa karata hakuna, chipu za kuwekea dau hakuna, wala gurudumu la kweli lenye kipira kinachogonga na kuruka. Mtu aliyevutwa na bango kutoka Chumbageni akitegemea kukaa mezani atarudi na nauli yake ya bajaji imekwenda bure.

Leseni zimetundikwa kwenye fremu kulia kwa dirisha, jambo ambalo vibanda vingi hulisahau au hulificha nyuma ya kalenda. Zisome kabla hujatoa hela. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2003, hutoa leseni kwa aina. Kasino ni aina yake. Duka la kubashiri matokeo ya michezo ni aina nyingine. Mashine zinazosambazwa moja moja kwenye baa zina yake, na ipo nyingine inayoitwa eneo la mashine arobaini. Fremu za ukumbi huu ni mbili: ya kubashiri na ya mashine arobaini. Ya kasino haipo. Kwa hiyo biashara ni halali, ila imevaa kanzu ya jirani.

Je, kanzu hiyo ingemkaa nani? Hapa inabidi kulivua neno lenyewe. Kwa Kitaliano casa ni nyumba. Mtaliano akitaka kuidogosha nyumba huongeza -ino nyuma, kama sisi tunavyotia ki- mbele: kwetu nyumba na kijumba, kwao casa na casino. Kasino, basi, ni kijumba. Na kijumba hicho awali hakikuwa cha kamari hata kidogo. Kilikuwa banda la mapumziko kwenye bustani ya tajiri, mbali kidogo na jumba lake kubwa, pa kupunga upepo, kula na kusikiliza muziki. Villa Farnese, kule Caprarola, ina casino yake ya karne ya 16 katikati ya bustani, na hakuna aliyejenga pale kwa ajili ya karata.

Kamari iliingia kwa mlango wa nyuma. Wakubwa wa Venice walikuwa na vijumba vyao vya faragha mjini, na watu wakikaa faraghani usiku mzima, karata hazichelewi. Mwaka 1638 serikali ya Venice ikaamua kwamba kama watu lazima wacheze, heri wachezee mahali inapowaona: ikafungua ukumbi katika jumba la familia ya Dandolo, mtaa wa San Moisè, wachezaji wakiingia na vinyago usoni. Ukumbi huo, ambao hutajwa sana kuwa mama wa kasino zote, haukuitwa kasino. Uliitwa Ridotto. Ulifungwa mwaka 1774. Neno kasino lilikuja kung'ang'ania kamari baadaye sana, karne ya 19, na Monte Carlo ya mwaka 1863 ilichangia mno kulitangaza dunia nzima.

Hata hivyo si wote waliofuata mkumbo. Newport Casino, Marekani, iliyojengwa mwaka 1880, ilikuwa klabu ya starehe, na mwaka 1881 mashindano ya kwanza ya taifa ya tenisi ya nchi hiyo yalichezwa kwenye viwanja vyake. Kasino ya Avalon, kwenye kisiwa cha Santa Catalina, iliyofunguliwa mwaka 1929, ni sinema chini na ukumbi wa dansi juu. Haijawahi kuwa nyumba ya kamari. Mjerumani naye, aliyekaa Tanga mpaka Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, akisema Kasino anaweza kuwa anazungumzia bwalo la maofisa, pa kulia na kunywea bia. Afisa huyo angefufuka leo akaliona bango la Ngamiani, angeingia akauliza sahani ziko wapi.

Lipo jambo moja ambalo mwenye bango angependa lisijulikane. Kitaliano cha leo kimelipasua neno vipande viwili kwa mkazo tu. Ukumbi wa kamari ni casinò, mkazo mwishoni, umechukua sura ya Kifaransa. Casino yenye mkazo katikati ni danguro, na kwa mazungumzo ya kila siku ni fujo, vurugu, mambo yaliyovurugika. Sasa sikiliza Mswahili anavyosema: kaSIno. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hatuna ujanja mwingine. Kwa sikio la Mtaliano anayepita Ngamiani, dereva wa bodaboda anatangaza kwamba abiria anataka kushushwa danguroni. Siku Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wanapocheza uwanja wa Mkwakwani, foleni ya dirishani ikimwagika hadi barabarani na pikipiki zikikosa pa kupita, maana ile nyingine nayo inakaa sawasawa.

Kiswahili chenyewe hakikukosa jina. Kamari tumeitoa kwenye Kiarabu, qimār, na pa kuichezea tukapaita nyumba ya kamari au jumba la kamari. Angalia tulivyokwenda kinyume: Mtaliano aliidogosha nyumba, sisi tukaikuza. Qurani hutumia neno maysir, ambalo kabla ya Uislamu lilikuwa mchezo wa kupiga kura kwa mishale kugawana nyama ya ngamia, na Ngamiani ni mahali pa ngamia. Sadfa tu. Ila masheikh wa Tanga hawahitaji sadfa kulieleza hilo, na ukumbi huu una adabu ya kuzima spika za nje adhana inapoadhiniwa.

Watu wa serikali wamechagua maneno laini zaidi. Kubahatisha limetoka kwenye bahati, ambayo asili yake ni bakht ya Kiajemi. Kubashiri ndilo lenye kuchekesha: mzizi wake wa Kiarabu ni wa kuleta habari njema. Mtaani wala hawahangaiki na hayo. Mtaani ni kubeti, mashine ni dubwi, karatasi ya dau ni mkeka, mkeka hutiki ukishinda au huchanika ukishindwa, na kampuni iliyokula hela huitwa "Mhindi" hata kama mwenyewe hana undugu wowote na India. Na jengo ni kibanda. Hapo ndipo mtaa ulipomshinda fundi wa mabango: kibanda na kijumba ni kitu kimoja, yaani vijana wa bodaboda wamelitafsiri neno casino barabara bila kufungua kamusi, ilhali bango linadhani limetaja kitu kikubwa.

Kukosekana kwa meza kuna hasara ya lugha pia, tuiseme kidogo tu. Pwani hii ina maneno ya karata yaliyobaki tangu Mreno: karata yenyewe ni carta, turufu ni trunfo, kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas. Vibarazani bado utasikia mfalme akiitwa mzungu wa nne. Ndani ya ukumbi, mashine mbili zinazoonyesha karata zimeandikwa kila kitu kwa Kiingereza, na mhudumu anamfundisha mzee wa miaka sitini jina la shupaza.

Sasa hela.

Ruleti ya skrini ndiyo huduma mbovu kuliko zote humu, na kasoro haionekani mpaka uhesabu vyumba vya gurudumu. Gurudumu la Ulaya lina vyumba 37: namba 1 hadi 36 na sifuri moja. La hapa lina 38, kwa sababu lina sifuri mbili, ile ya 0 na ile ya 00. Malipo ya namba moja hayabadiliki, ni 35 kwa 1 kwenye magurudumu yote mawili. Kwa hiyo kwenye sifuri moja nyumba, yaani mwenye mchezo, inabaki na wastani wa asilimia 2.70 ya kila dau, na kwenye sifuri mbili asilimia 5.26. Mzunguko mmoja huchukua kama sekunde 45, yaani mizunguko 80 kwa saa. Ukiweka 1,000 kila mzunguko umeweka jumla ya 80,000 kwa saa, na hasara ya wastani ni shilingi 4,210 badala ya 2,160. Chumba kimoja cha kijani kinakaribia kuongeza bei ya kiti chako maradufu. Kuweka nyekundu au nyeusi hakukuponyi, asilimia ni ileile, unachelewesha tu. Kwenye meza ya kweli angalau mgawaji huchukua muda kukusanya na kulipa chipu, mizunguko inapungua na mfuko unapumua. Skrini haipumui.

Sloti ni 24, zote zinapokea noti, sita za ukutani zinapokea na sarafu. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni noti kumezwa bila kuandikwa kwenye skrini, mara nyingi noti iliyolowa au iliyokunjwa pembe. Usiondoke kwenye kiti, usiipige mashine, usibonyeze chochote; inua mkono. Mashine huweka kumbukumbu ya kila noti iliyopita, na msimamizi akiwa na ufunguo anaisoma papo hapo. Ukishaondoka kiti kikachukuliwa na mwingine, ubishi hauna mwisho. La pili ni kuamini kwamba mashine "imeshiba" kwa kuwa haijatoa tangu asubuhi. Kila mzunguko hupigiwa hesabu upya na programu ya namba nasibu, haikumbuki uliopita. Pesa ya mle ndani hufuata msemo wa mji: waja leo, waondoka leo. Ukumbi ungefanya jambo jema kubandika kwenye kila mashine asilimia inayorudishwa kwa wachezaji. Hapa imeandikwa kwenye kurasa za maelezo ndani ya skrini, na kwenye mashine kadhaa kitufe cha maelezo hakifanyi kazi.

Chumba cha mbele ndicho kinachouokoa ukumbi. Mkeka unachapwa kwa sekunde chache, odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) zinasomeka, na keshia husoma kwa sauti idadi ya mechi na dau kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Huo ndio wakati wa kukosoa, kwa sababu mkeka ukishatoka na mechi ikaanza haubatilishwi. Hesabu yake ni ya kuzidisha: mechi tatu zenye odi 1.50, 1.80 na 2.10 zinakupa 5.67, kwa hiyo dau la 1,000 linalipa 5,670 kabla ya kodi.

Wachezaji wengi wanaishia hapo, na ndipo Mhindi anaposhibia. Chukua mechi moja yenye odi 2.20 nyumbani, 3.10 sare na 3.20 ugenini. Gawa 1 kwa kila odi, jumlisha: 0.4545, 0.3226 na 0.3125 zinafika 1.0896. Ingekuwa mizani ya haki ingefika 1 kamili. Zile asilimia karibu 9 za juu ni za duka. Maana yake kwa kila shilingi 100 inayowekwa kwenye mechi kama hiyo, zinazorudi kwa wachezaji kwa wastani ni kama 92 (100 gawa kwa 1.0896). Sasa unganisha mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja: 92 inakatwa tena na tena mpaka inabaki kama 65. Mechi kumi, 42. Ndiyo sababu bango la ndani linalotangaza nyongeza kwa mikeka mirefu limechorwa kwa rangi za kuvutia, na hakuna bango lolote linalosifu mkeka wa mechi moja. Asiyejua hesabu hii anadhani amechaniwa na golikipa.

Mambo manne ya dirishani yanahitaji uangalifu, mengine tumeyaona yakizua kelele hadi mlinzi akaitwa.

Karatasi ya mkeka ni ya joto, haina wino. Jua la Tanga, dashibodi ya bajaji au mfuko wa nyuma wenye jasho huifuta ndani ya siku chache. Ipige picha, na hakikisha namba ya mkeka na alama ya mistari zinaonekana. Keshia wa hapa hukubali kutafuta mkeka kwa namba, lakini hulipa tu akiiona karatasi.

Mechi ikiahirishwa haimaanishi mkeka umechanika. Kwa kanuni za hapa, zilizobandikwa kushoto kwa dirisha kwa maandishi ambayo mzee atahitaji miwani kuyasoma, mechi isiyochezwa ndani ya muda uliowekwa huhesabiwa odi 1.00, na mkeka unaendelea na zilizobaki. Tumeona watu wakitupa mikeka hai kwenye pipa.

Kodi ya ushindi hukatwa dirishani kabla hujakabidhiwa hela, na huonekana kama mstari wake kwenye risiti ya malipo. Risiti isiyokuwa na mstari huo, rudisha uulize.

Umeme ukikatika, jenereta huwaka baada ya dakika moja hivi, lakini mtandao huchukua zaidi ya hapo kurudi. Mkeka uliokatizwa katikati huwa haujaingia hata kama hela imeshapita chini ya wavu. Omba keshia aangalie orodha ya mikeka ya mwisho kabla hujaondoka. Wa zamu ya jioni hufanya hivyo bila kuombwa, wa zamu ya asubuhi anahitaji kukumbushwa.

Malipo madogo hutolewa papo hapo. Makubwa huombewa kitambulisho, na makubwa zaidi hupitia simu au benki siku ya pili, jambo ambalo ni la busara kwa mtu anayetoka usiku kwenye mlango wenye taa zinazokimbizana. Umri wa chini ni miaka 18, na mlinzi wa hapa kweli anauliza kitambulisho. Kwenye vibanda vidogo vya mitaa ya ndani tumeona sare za shule zimeegemea dirisha. Kwa hilo peke yake ukumbi unastahili nyota moja zaidi.

Alama zetu, kwa tano: dirisha na makeshia 4, sloti 2, nusu ya kosa ikiwa ni vile vitufe vya maelezo, ruleti 1, mpaka sifuri ya pili ing'olewe, kazi ambayo kwenye mashine ya skrini ni ya kubadili programu tu, bango 0. Mwenye ukumbi akitaka kulirekebisha kwa gharama ndogo, herufi zipo tayari: aung'oe mkia wa NO, abakize KASI, inayoeleza ruleti yake vizuri zaidi.

Hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa saa sita usiku. Choo kiko uani, ufunguo anao mlinzi. Mihogo ya kukaanga huuzwa nje ya mlango kuanzia magharibi, na foleni yake ni fupi kuliko ya ndani.